Shamba Linalomngoja Felix

Mama Hope, pokea salamu kutoka kijijini Mutuka, karibu na Babati. Mimi ni mkulima wa mahindi na maharage, baba wa watoto wawili, na sikudhani ipo siku nitapeleka mambo ya nyumbani kwangu gazetini, lakini nimeongea na mke wangu, nimeongea na paroko, na kila mmoja ananijibu lile analolitaka yeye, kwa hiyo naomba unishauri wewe usiyetujua.

Mtoto wangu wa kwanza ni Felix. Aliondoka kwenda Arusha kujifunza ufundi wa magari kabla hatujapewa mkoa wetu wa Manyara, na hakuondoka peke yake, waliondoka karibu vijana wote wa rika lake, wengine Arusha, wengine Mererani kwenye machimbo, na sisi wazazi tulifurahi tukasema wamekwenda kutafuta maisha, tusijue mahali pasipo na vijana panakuwaje. Mashine ya kusaga ilifungwa kwa sababu aliyekuwa akiiendesha alifuata wenzake, mahindi yalinyeshewa shambani kwa kukosa wavunaji, na duka la Mama Dominiko lililokuwa na watu mpaka jioni likabaki kuuza chumvi na viberiti, maana sisi wazee tunanunua nini.

Wakati huohuo Babati mjini watu walikuwa wanamiminika. Ofisi za mkoa zinajengwa, makarani vijana wanapanga vyumba, wote wanataka kula, na nyanya zao zinatoka Arusha kwa lori. Aliyeliona hilo hakuwa mmoja wetu. Ni kijana anayeitwa Eliya, kwao Same, aliyekuja kuwa saidia fundi kwenye ujenzi wa ofisi hizo. Alikuja nyumbani, akaniamkia vizuri, akaomba nimkodishe kipande changu cha chini karibu na kijito, ambacho tangu Felix aondoke kilikuwa kinaota majani tu. Nikamkodisha kwa msimu. Akachimba mfereji, akapanda kabichi, nyanya na vitunguu, binti yangu Brigita akaanza kumsaidia na sasa ndiye anayesimamia kitalu na kuuza sokoni, na vijana wa hapa ambao walishafunga mizigo yao kwenda Mererani wakabaki kufanya kazi kwake. Mashine ya kusaga inalia tena. Mama Dominiko anapika chai na maandazi kila asubuhi, na mmoja wa vijana hao ameoa, anajenga.

Sasa Eliya anaomba nimkodishe kwa miaka kumi, kwa maandishi, ili ajenge tangi la maji. Nisipokubali, amesema kwa heshima kabisa, atahamia Dareda ambako amepata mtu wa kumpa. Mke wangu hataki. Mdogo wangu Melkiadi hataki, naye alisema mbele ya watu, nyumbani kwangu: "Kaka, Felix akirudi utamwonyesha wapi? Utampeleka kwa huyo mgeni akaombe kibarua?"

Maneno hayo yamenikaa kifuani. Kila Krismasi Felix anasema atarudi, labda mwakani. Lile ni shamba la mtoto wa kiume, ndivyo baba yangu alivyonipa mimi. Nikimpa Eliya naona kama nimemwambia mwanangu asirudi. Nikimnyima, najua wale vijana wataondoka naye, na safari hii sidhani kama kuna wengine wa kuja. Nifanye nini?

Yoakimu, Mutuka

JIBU

Baba Felix, shikamoo. Nimekusoma mara mbili. Kumtunzia mtoto nafasi nyumbani ni upendo, na sitakucheka kwa hilo. Lakini nitakusema kidogo, unisamehe.

Umeongea na mkeo, umeongea na paroko, umemsikiliza Melkiadi, na mimi niliye mbali umeniandikia. Aliyeachwa bila kuulizwa ni Felix mwenyewe. Mtu aliyekaa mezani kwa mama yake siku ya Krismasi atasema nini zaidi ya kwamba atarudi? Panda basi, umfuate huko aliko, mkae wawili, umuulize kwa upole. Na akikujibu, mwamini.

Kingine kimenikera. Umeanza kwa kusema una watoto wawili, kisha ukasema shamba ni la mtoto wa kiume. Brigita ni wa jirani? Hakwenda Arusha wala Mererani, yupo kitaluni kila siku, na unamtaja kama msaidizi wa mgeni kwenye ardhi ya baba yake mwenyewe. Unawalilia vijana walioondoka, na kijana anayelala nyumbani kwako hujamwona. Siku akifunga mzigo usishangae. Sheria ya ardhi ya nchi hii inamtambua mwanamke sawa na mwanamume, hata kama Melkiadi hajasikia.

Huyo Eliya usimpe kwa huruma, wala usimnyime kwa sababu kwao ni Same. Miaka kumi kwa kuanzia ni mingi. Mpe mitano, mbele ya viongozi wa hapo kwenu, watoto wako wote wawili wakubali, na iandikwe wazi kwamba mfereji na tangi vitabaki shambani siku atakapoondoka. Majengo ya ofisi peke yake hayawezi kuulisha mkoa. Vijana ndio wanaonunua mabati, wanaooa, wanaojaza madarasa baadaye. Wapo watakaoondoka hata ukifanya yote, waache waende, kwani hiyo Babati imejaa watu walioacha kwao. Unachoweza ni kuhakikisha anayetaka kukaa Mutuka ana pa kukaa.

Nenda Arusha kabla ya mvua. Na ukirudi, ongea na Brigita kwanza, Eliya baadaye.

Mama Hope

Baadaye Mzee Yoakimu alituandikia tena, akaruhusu tuchapishe:

Mama Hope, nilikwenda. Nilimkuta Felix gereji na ovaroli lake, akaacha kazi akanipeleka kunywa chai. Nilipomuuliza kama kweli atarudi, akasema, "Baba, mimi sirudi kulima. Nilishindwa kukuambia kwa sababu ulikuwa unanitunzia." Nilitoa machozi, sikufichi, naye pia. Halafu akanishika mkono, akanirudisha gereji akanionyesha injini aliyokuwa anaifunga, na nikaona kwamba mwanangu ni fundi kwelikweli.

Mama yake hajafurahi, na Melkiadi hakuja kwenye kikao cha kuandikishana mbele ya viongozi. Eliya amepata miaka mitano, ameridhika, ameshaleta mawe ya tangi. Kipande cha juu ya mfereji nimekiandikisha kwa jina la Brigita. Nilidhani atashangilia. Aliuliza tu kama ni jina lake kweli, lisije likawa la mume atakayempata. Nikamwambia ni lake.

Jumatatu nilimkuta huko anachimba mashimo. Nilimuuliza anapanda nini, akasema miparachichi. Nikamkumbusha kwamba miti hiyo huchukua miaka kuzaa. Akanijibu anajua, kisha akaniomba nisisimame bure, nimletee maji.