Mkono Uliozoea Ndama

Baba, shikamoo.

Huku Machochwe nyumbu wanakunywa mtoni hapohapo tunapochota sisi. Jana mzee mmoja alikuja zahanati ya kijiji ninapofanya kazi, na shingo iliyovimba, tena yenye makovu. Alikuwa amejichoma kwa chuma cha moto, kama tunavyomchoma ndama aliyevimba tezi kwa ndigana. Daktari alidhani ni kifua kikuu. Nikampapasa chini ya masikio, kisha kwapani, kama ulivyonifundisha zizini. Tezi zilikuwa kila mahali. Hazikumuuma wala hazikushikamana, ziliteleza kama mpira. Nikamtoa tone la damu, nikaliweka kwenye darubini na kugeuza kioo chake juani. Chembe nyeupe zilijazana kama kumbikumbi. Daktari alichungulia muda mrefu, kisha akaandika: saratani ya damu. Anasema ya namna hii huenda polepole, na kesho tunampeleka mzee hospitali kwa Landrova.

“Mwanangu, nani alikufundisha kushika hivi?” mzee akauliza.

“Baba yangu, kwa ndama wake.”

Msalimie mama, na magoti yako yapone. Wale wa Nkende waliokucheka ulipompa binti yako fimbo ya kuchungia, wasomee kadi hii kwa sauti.

Bhoke wako