Moto wa Tanga Haujapatikana

Karakana ya Reli,
Tanga

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, nafanya kazi kila siku. Kabla ya yote nataka kujua kifua cha Mama: je, sasa anafika kisimani bila kupumzika njiani?

Barua yako aliyoiandika dada Somoe ilinifika Jumatatu. Nimeelewa kwamba ulitangaza barazani kuwa nakuletea moto usiotaka mivukuto, na mtani wetu Mzee Likomba akaingia uani akaibeba mivukuto yote miwili ya tanuri lako la uhunzi. Alisema, "Anayengoja moto wa Tanga, ngozi za mbuzi za nini?" Watu walicheka, nawe ukacheka nao. Kwa utani huwezi kumdai. Somoe anasema mzee huyo amekwishazikata ngozi, akaziwamba kwenye ngoma.

Kosa ni langu. Nilikuandikia kwamba taa ya kuchomea chuma nimeiona dukani, sikukuandikia kwamba sijaijaribu.

Juzi niliiazima. Ni ile ya mafuta ya taa, ya kupampu kwa mkono, wanayotumia mafundi wa kulehemu. Nilichukua kipande cha springi ya lori, unene ule ule unaofulia nyengo zako za kufyekea, nikakizungushia matofali ili joto lisitoroke. Nilipampu mpaka bega likauma. Ncha ilipata wekundu wa upana wa kidole. Nilipoiweka kwenye fuawe na kupiga mara mbili, ilikuwa imeshapoa.

Fundi Shauri, msimamizi wetu, alisimama nyuma yangu akitazama. Akaniuliza, "Baba yako anafua nyengo au anababua kuku?"

Nilimwomba anionyeshe moto wa gesi. Chuma kiliwaka mara moja, lakini nilipokawia kidogo makali yaliyeyuka yakadondoka. Hilo ungejifunza kwa siku mbili, wewe si mimi. Tatizo ni mitungi. Ni miwili, mizito, na ikiisha hujazwa Dar es Salaam. Nilikwenda kwa wakala wa meli akasema mizigo ya gesi hapokei. Nilikwenda kwa watu wa malori wakasema barabara ya Rufiji imefungwa mpaka mvua ziishe. Hata ningekuletea mitungi ya kwanza, ikiisha mingine ingekufikia lini?

Kwa hiyo sikununua taa yoyote. Ile ya mafuta ingekufaa kwa visu na sindano za kushonea makuti, si kwa nyengo, na watu wanaokaribia kusafisha mikorosho hawatakuagiza sindano.

Ukishona mivukuto mipya, wa kuivukuta ni Mama, na daktari amemkataza moshi. Somoe ana mtoto mchanga. Usiposhona, msimu utapita na tanuri baridi. Nimelipima hili kila upande, sina ushauri. Nimeomba likizo nije nivukute mwenyewe, wamenijibu nisubiri zamu yangu, na mbele yangu wako watu tisa.

Nisalimie Shangazi wa Rahaleo, na shemeji yangu mume wa Somoe akirudi safarini. Mzee Likomba naye msalimie. Hakufanya baya, alifanya haki yake.

Somoe, najua unasoma kwa sauti na Mama yuko hapo karibu. Usiruke mstari. Mwambie nimeutafuta moto, sikuupata, na mivukuto akiishika ataishika kwa sababu mimi nimeshindwa.

Mwanao,
Hamisi