Mama, Safari Hii Usiniambie Uko Sawa

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku ng'ambo kwenye baridi. Kwa kawaida ningekuuliza hali, ungejibu "niko tu sawa", nami ningeendelea na habari zangu. Leo naomba tusimame hapo kwanza, maana roho yangu haijatulia tangu Jumapili.

Otieno alinipigia simu kutoka Nyalenda. Tulikuwa tunaongea habari za kazi yake ya mjengo, mara likamtoka neno juu yako: "Mathe nilimpata kwa foleni ya hospitali Kombewa, ameshika ubavu. Lakini wewe hujasikia kwangu." Usimgombeze. Huyo kitinda mimba wako hajawahi kuweka siri, na safari hii namshukuru Mungu kwa hilo. Nilipokupigia ulicheka: "Nyathina, mwanangu, mimi nilisindikiza jirani tu. Wewe soma." Halafu ukaanza habari za kuku. Ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikatiza.

Najua Pasta bado anauliza kama ninasomea nyani. Mwambie ninasomea jinsi watu walivyopata kujua kwamba viumbe hubadilika, na mara ngapi walikosea njiani. Juzi zamu ilikuwa ya fulu, Mama, samaki wadogo wale wale unaoanika juani! Wataalamu walipoona aina za fulu zilivyo nyingi ziwani kwetu, wengi walidhani zimechukua muda mrefu ajabu kuachana kutoka kwa babu mmoja. Baadaye wengine wakachimbua tope la chini ya ziwa, wakakuta dalili kwamba ziwa liliwahi kukauka, tena si zamani sana kwa hesabu yao; ikiwa ni hivyo, fulu wote hao wametokea baada ya hapo. Ubishi ulikuwa mkubwa, lakini hesabu ya kwanza haikuweza kubaki ilivyokuwa. Nilijivuna darasani utadhani ziwa ni la baba yangu.

Ndipo mwalimu wetu, mama mmoja mkali, akauliza: jambo unaloliamini, ni kitu gani ukikiona utakubali kwamba umekosea? Kama hakuna, basi maneno yako hayatuambii lolote. Wenzangu wakainama kuandika. Mimi nikakuwaza wewe. Ukiwa mzima, unasema "niko sawa". Ukiwa hoi kitandani, unasema "niko sawa". Ulisema hivyo hata ulipokuwa na malaria, huku meno yanagongana. Sasa jibu hilo nilifanyie nini? Na tukipigiana simu ya video unanionyesha paji la uso tu, nami nabaki kutafuta ugonjwa kwenye paji la uso.

Naogopa, Mama. Najua unanificha ili nisiache mitihani.

Nisalimie Baba, ambaye bila shaka umemkataza kusema. Nisalimie mama mdogo Adhiambo wa pale sokoni, na umwambie akusindikize hospitalini, hata ukimfukuza. Pasta naye msalimie, aniombee badala ya kuniuliza habari za nyani.

La mwisho ni hili. Nimeshazungumza na mwalimu, mitihani yangu imeahirishwa, na tiketi ninayo. Ukisema unaumwa, nakuja. Ukisema uko sawa, nakuja vilevile. Mitihani uliyokuwa ukiilinda haipo tena. Niambie tu panauma wapi.

Binti yako,
Akinyi