Saa Nzima Bila Sauti

Mpendwa Mama Salma,

Tangu ututoke sijakuandikia. Leo aibu imenizidi, na sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiketi mezani hapa ughaibuni, Apple Valley, mimi nikitunga hesabu kwa kalamu, wewe ukiziingiza kwenye kompyuta ili wanafunzi wangu wa chuo wazipate? "Njoo uone, Baba Salma," ukiniambia. "Wala si kazi ngumu." Nami nikijibu, "Wewe si upo?"

Chuoni nilijigamba. Kila kilipoletwa chombo kipya cha kufundishia, mimi ndiye niliyesimama mkutanoni kukipinga. Hesabu, nikisema, ni chaki na macho ya mwalimu. Wenzangu wakipiga makofi. Hawakujua kwamba alama na barua pepe zangu zote zilipitia vidoleni mwako.

Baridi hii, theluji ilifunga chuo, tukaambiwa tufundishe mtandaoni. Nilivaa koti na tai, nikafanikiwa kuiwasha kompyuta, nikafundisha saa nzima. Nilifurahi kuona wametulia vile.

Baadaye alinipigia simu mwanafunzi mmoja, mama wa Kikongo anayesomea uuguzi. "Profesa, pardon," akasema. "Hatukusikia hata neno. Sauti yako ilikuwa imefungwa. Tuliandika kwenye skrini, tuliandika, haukuona."

"Sasa mbona hamkuondoka?"

"Tungekuacha peke yako?"

Masikio yaliniwaka moto.

Kwenye mkutano uliofuata, mwalimu mmoja kijana akanisifu mbele ya wote kuwa mimi ni mtu wa msimamo. Nikasimama.

"Sina msimamo wowote," nikasema. "Sijui kuitumia kompyuta. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinifanyia."

Mwenyekiti akauliza, kwa upole tu, "Aliitwa nani?"

Miaka yote ile, Mama Salma, na hawakulijua hata jina lako. Nilijibu "Zuhura," nikaketi nikitazama viatu vyangu.

Siku hizi Salma huja Jumamosi kunifundisha. Yeye ananena Kiingereza, mimi namjibu Kiswahili, tunagombana, tunaendelea. Jana nilituma maswali ya mtihani mwenyewe, yakafika. Nikageuka kukuambia, nikakuta kiti kitupu.

Pumzika, mke wangu. Sikuachi katika dua.

Mumeo,
Baba Salma