Sura Yako Iliyoungua kwa Flashi

Mama Furaha wangu,

Leo mchana, nikiwa kwenye mtambo wa mawese kule Kizuka, nilijaribu kuikumbuka sura yako nikashindwa. Mdomo niliupata. Mwanya wa meno ya mbele niliupata. Macho hayakuja. Niliacha kukamua nikakaa juu ya gunia la chikichi, na wenzangu wakadhani jua limenipiga. Nikawaambia ni kweli, ni jua. Sina mwingine wa kumwambia jambo hili. Kazi ya sura za watu ilikuwa yako, na kama mtu angenijia na shida kama hii ningemtuma kwako.

Rumonge nzima ina picha zako. Naingia nyumba ya mtu kumpelekea mafuta, nakuta ukutani harusi, komunyo ya kwanza, ubatizo wa ziwani, na mwenye nyumba ananiambia, "Hii alitupiga marehemu." Wanadhani wananifariji. Mimi naikagua picha yote, pembe mpaka pembe, kana kwamba huenda umejificha mahali. Wewe humo. Ulikuwa nyuma ya kamera siku zote. Zile za harusi yetu zilikwenda na maji, ziwa lilipopanda likatufukuza kwenye nyumba ya kwanza. Unakumbuka tulivyojaribu kuzibandua kwenye albamu, zikatoka vipande vipande, nawe ukaniambia niache, utapiga nyingine.

Kamera sikuruhusiwa kuigusa. "Mikono yako iko mawese tupu," ulikuwa unasema, "utaniulia kazi." Nami nikikujibu kwa Kiswahili changu cha kambi ya wakimbizi Tanzania, unacheka, unasema naongea kama redio. Wewe ulivuka ziwa na chako kutoka Baraka, kule Kongo, mimi nilirudi na changu kutoka nilikozaliwa, na Kirundi tulikuwa tunakiharibu wote wawili pale sokoni mpaka akina mama wanatuonea huruma. Siku hizo sikuwahi kufikiri kwamba ningehitaji picha yako. Ulikuwepo.

Kisha ukaanza kukonda. Daktari alipotwambia turudi nyumbani, hatukuulizana maana yake. Furaha alikuwa ameanza tu kusimama kwa kushika ukuta. Nilikuwa nakutazama umelala, namtazama yeye, nikaona kwamba mtoto huyu hatakujua. Hofu hiyo ilinikaba kuliko hata ile ya kubaki peke yangu. Nilitaka kumwita mpiga picha wa pale stendi. Ulikataa.

"Sitaki mutu wa picha anione hivi," ulisema. "Kama unataka, piga weye."

Nikanawa mikono, nikanawa tena, nikaitoa kamera kwenye mfuko wake. Ilikuwa msimu wa mvua, umeme umekatika, na dirisha la chumba chetu unalijua. Nikabonyeza. Ile flashi ndogo ikachomoka yenyewe juu ya kamera, ikawaka. Nilipotazama kwenye kioo chake, shuka lilionekana, ukuta ulionekana, kitambaa chako cha kichwa kilionekana. Mahali pa uso wako palikuwa peupe kama unga wa muhogo. Nikapiga nyingine. Peupe. Nyingine, hivyohivyo.

Sikutaka kukuonyesha, lakini ulinijua.

"Uko karibu sana, Baba Furaha. Rudia nyuma mupaka ku mulango."

Nikarudi mpaka mgongo ukagusa mlango. Uso ukatoka mdogo zaidi, na bado ulikuwa umeungua. Ukafikiri kidogo, macho umeyafumba, kisha ukasema lile shuka jeupe na ule ukuta wa chokaa vinarudisha mwanga, nikufunike kitenge chako na nikutundikie kingine nyuma ya kichwa. Nikafanya. Nikaanza kuziona nyusi. Mashavu na paji la uso hayakuwepo. Ukaniambia nikunje karatasi ya choo niifunike ile flashi, mwanga upite humo kwanza. Nikaifunga kwa uzi. Picha ikalainika, lakini uso ukabaki ule ule, mweupe, na macho ni madoa mawili. Ukaniuliza ISO iko ngapi. Sikujua hata ni kitu gani; ukasema ni namba ya jinsi kamera inavyokunywa mwanga. Ukanielekeza kitufe kwa kidole, maana mkono wako haukuweza tena kuibeba kamera na macho yako yalishindwa kusoma maandishi yale madogo. Nikaishusha mpaka mwisho. Ikasaidia kidogo tu.

"Zima flashi basi, tuone."

Nikaizima. Chumba kikawa giza ndani ya picha, na kwa kuwa sikujua kuituliza kamera, ukatoka kama moshi uliovutwa upande mmoja.

Uliniambia nipumzike, kesho tutajaribu tena. Ni wewe uliyekuwa unaniambia mimi nipumzike. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua nyuma ya jiko ili usinisikie. Nataka ujue nilichofanya pale. Niliomba. Sikuomba upone, ombi hilo nilikuwa nimekwisha kuliacha, Mungu anisamehe. Niliomba picha moja.

Kesho yake betri ilikuwa imekufa. Jirani yetu mwenye sola alituchajia, akairudisha mchana, akasimama mlangoni bila kuingia. "Anasemaje leo?" akaniuliza. Nikamwambia anasema kidogo. Akaniangalia, akasema, "Basi mukae naye," akaondoka polepole.

Ulikuwa umebadilika tangu asubuhi. Maneno yalikuwa yanatoka kwa mbali, na kati ya neno na neno nilikuwa nasubiri nikiogopa kwamba lile nililolisikia ndilo la mwisho. Nilitaka niiache kamera. Wewe ndiye uliyeiulizia.

"Nisomee kila kitu yenye iko ku kioo," ulisema. "Polepole."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikafungua kurasa za ile kamera, moja baada ya nyingine, nikisoma Kifaransa kama mtoto anayefundishwa herufi. Ukawa unasema, "Pita. Pita. Pita." Nikafika mahali pa flashi. Nikasoma: manuel, kisha moja, mkwaju ule wa kugawanya, moja.

"Rudia."

Nikarudia.

Ukafumba macho na kifua kikaanza kutikisika. Nilidhani maumivu yamekuja, nikakushika. Kumbe ulikuwa unacheka.

"Ni miye," ulisema. "Ni ule ubatizo."

Ukanieleza kwa vipande, nami nikaunganisha. Ile kazi yako ya mwisho, pale ufukweni, saa kumi alasiri. Jua lilikuwa nyuma ya watu, nyuso zao zikawa zinatoka nyeusi, nawe ukaiamuru flashi itoe nguvu yake yote kila inapowaka, isipime chochote. Ulirudi nyumbani jioni ile na homa, ukalala, hukuishika kamera tena. Ikabaki na amri uliyoipa. Mtu awe mbali ziwani au awe hapa kitandani, ilikuwa inamwagia nguvu ileile. Ndiyo maana kurudi nyuma hakukutosha, wala karatasi, wala kitenge.

"Toa manuel. Weka TTL. Itapima yenyewe."

Nikageuza. Nikajaribia kwa Furaha aliyekuwa sakafuni na kijiko chake. Akatokea. Mama Furaha, akatokea na rangi yake, na kamasi yake, na nywele zake zote. Nilikuonyesha nikiwa nalia, nikakisogeza kile kioo karibu kabisa na uso wako ili uone.

"Iko sawa," ulisema. "Sasa leta mutoto hapa, utukamate ku picha."

"Kwanza wewe peke yako," nikakuambia. "Uniangalie tu."

"Nimechoka kuangaliwa, Baba Furaha. Mulete."

Ningepaswa kubishana. Leo hii kila nikiamka nabishana. Siku ile nilimwinua mtoto nikamlaza ubavuni pako, nikarudi mlangoni, nikainua kamera. Nikakuita, "Angalia huku." Furaha akaniangalia. Wewe ulikuwa umegeuza kichwa kumtazama yeye. Nikakuita tena. Hukugeuka. Nikabonyeza, nikiwaza kwamba ukipumzika kidogo nitapiga nyingine, kwa kuwa sasa ninajua.

Ukalala. Asubuhi ilipofika hukuamka, na kabla ya mchana ulikuwa umekwenda.

Zile nyeupe nilizipeleka kwa kijana mwenye kompyuta karibu na soko. Alizitia giza, akazivuta, akahangaika nazo kwa moyo mweupe, na uso wako ukageuka kutoka mweupe kuwa wa kijivu, kama jivu la jikoni. Mwisho akazungusha kiti akaniambia, "Papa, hapa hamuna kitu cha kurudisha. Ikishaungua, imeungua. Ingekuwa picha ya giza, ningeiweza kidogo." Nikamshukuru kwa Kirundi, murakoze, nikatoka, nikatembea hadi bandarini bila kujua naenda wapi. Sijazifuta. Huwa nazitazama bado. Naanza na kitenge, ambacho kinaonekana vizuri, napanda hadi shingoni, kisha nafika pale pasipo na kitu na kukaa hapo.

Na ile moja nzuri haina macho yako. Ina shavu, sikio, kope zilizoshuka. Nimekuwa nikiionea hasira, nikuambie ukweli. Nilikuita mara mbili, ukashindwa kugeuka hata kidogo.

Nilipofika nyumbani leo nilimkuta Furaha amekaa kwenye mkeka, ameiteremsha ile picha yenu niliyoitundika ukutani. Ameanza shule ya watoto wadogo, anaongea sana, na nashindwa kujua amekitoa wapi Kiswahili chako, maana mimi sikumfundisha. Nilikuwa bado na uchungu wa kule mtamboni. Nikamwuliza kama anamwona mama vizuri hapo, kwa namna alivyogeukia pembeni.

Hakulielewa swali langu. "Hakugeuka," akasema. "Mama iko ananiangalia miye."

Nikakaa naye pale mkekani hadi jua likazama nyuma ya milima ya Kongo. Wewe ulijua unachokitazama, na muda uliokuwa umebaki ulimpa yeye. Mimi nilitaka unipe mimi. Naandika haya naye amelala, ameikumbatia picha yenu, na naona haya kwa wivu nilionao kwa mtoto wangu mwenyewe. Macho yako anayo yeye. Kwangu hayajarudi, na kesho nitakwenda tena Kizuka nikayatafute nikiwa nakamua, kama leo.

Lala, mke wangu. Mtoto hajambo.

Mumeo,
Baba Furaha