Kitanda Kisicho na Mchago

Hagadera, kwa njia ya Garissa
Shaabani, 1995

Mke wangu Mwanahamisi, mama wa Rukia,

Assalaam alaykum. Kabla ya neno lolote, niambie kifua cha mama kimekaaje, na kama Rukia bado anakula udongo. Mimi nashukuru Mungu, ni mzima, ila vumbi la huku limeniingia mpaka nadhani mtu akinipiga mgongoni nitatoa moshi. Barua yako ilifika na dereva wa lori, imekunjwa vibaya, lakini niliujua mwandiko kabla sijaifungua. Nimeisoma mpaka inachanika kwenye mikunjo.

Lile ulilosema limenichoma. Kwamba nyumba imeezekwa tangu mvua za mwaka jana, na wewe bado unalala chumba cha uani kwa mama yangu, kwa sababu mimi nilisema asiingie mtu mpaka nilete kitanda. Ukamalizia, "Athumani, mimi sikuolewa na kitanda." Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Basi nikueleze ukweli wa hicho kitanda, maana nimekuficha.

Unakumbuka nilipoondoka nilijigamba mbele ya dada yako kwamba nitakuletea kitanda cha mbambakofi, kizito kuliko chake. Huku mbambakofi hakuna. Karibu hakuna hata mti wa kuegemea. Watu walipokimbia vita vya Somalia wakajaa hapa, migunga ilikatwa kwa kuni na kwa kujengea, na sasa wanawake hutoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi mchana, roho mkononi kwa kuogopa mashifta, majambazi wa porini. Sisi tunaofundisha vijana useremala tumekatazwa kugusa mti ulio hai wa porini. Tunatumia mbao za masanduku ya misaada, na mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia mchanga na sasa unaota mpaka mlangoni mwa watu. Mathenge haunyooki hata kwa dawa. Mwiba wake ukikuchoma unavimba siku tatu. Lakini ukishaushinda, Mwanahamisi, ndani una rangi ya kahawa iliyoiva, na ni mgumu kweli.

Nikajiambia, ala, kumbe naweza kumtengenezea mke wangu kitanda bila kuangusha mgunga hata mmoja. Matendegu manne nikayachonga kwa mathenge. Mifumbati ya ubavuni nikaitoa kwenye masanduku, nikapiga randa mpaka maandishi ya Kizungu yakafutika. Nikakiwamba kwa kamba ya mkonge. Ukabaki mchago tu, pale pa kichwani, na huo nilitaka uwe na upinde, uegemee jioni ukimsuka Rukia.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Sokoni nilimkuta mtu anauza mzigo wa miti myembamba, laini kwa kushikwa miaka mingi, imepinda yote sawasawa. Fundi yeyote angetoa macho, maana kupinda mti namna ile ni kazi ya maji na moto na subira ambayo mimi sina. Nikaichukua yote. Miwili nikaikata kwa kipimo cha mchago, minne nikaipigilia ilivyo. Wallahi ulipendeza.

Siku ya tatu akaingia karakanani mama mmoja mrefu, mkondefu, ametoka hospitali Garissa. Anaitwa Mama Habiba. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda chako, akaweka kiganja juu ya mchago.

"Hii umetoa wabi, fundi?"

"Nimenunua fimbo sokoni, mama."

"Hii si fimbo, walaal. Hii ni nyumba yangu."

Walaal kwao ni ndugu. Nilielewa polepole. Nyumba ya Wasomali wanaohamahama, wanayoiita aqal, ina mbavu za mizizi ya mgunga, inafunikwa kwa mikeka, na wakihama inabomolewa na kupakiwa juu ya ngamia. Mama humtengenezea binti yake anapoolewa. Hii ya Mama Habiba alitengenezewa na mama yake ng'ambo ya mpaka, zamani kabla ya vita. Alipolazwa Garissa, kaka yake akadhani hatarudi, akaiuza.

"Mama yangu alichimba misisi ubande moja tu," akaniambia. "Ubande ingine akaacha, mti asikufe. Mimi nimekuwa mzee na hii nyumba, na ule mti tuliacha iko hai."

Kisha akainama, akaokota vile vipande nilivyovikata, akavifunga kwenye pembe ya shuka lake. Nimelea hasira ya kukaa mbali nawe karibu miaka miwili, na mimi mwenyewe nimekata nyumba ya mtu kwa msumeno.

Nikamwomba anirudishie vile vipande, nikang'oa misumari. Ile miwili nikaiunga kwa mshazari, nikaifunga kwa ngozi mbichi ya mbuzi, ikakauka ikakaza, lakini ikawa mifupi. Mama Habiba akaipima kwa mkono. "Sawa," akasema. "Ubande hii atalala mbuzi." Akacheka, nami nikapata pumzi.

Kesho yake nikaenda kusaidia kuisimamisha. Kumbe kazi hiyo mwanamume haigusi! Wanawake walikuwa watano, na nilipotia mkono tu wakapiga kelele, "Fundi, kaa chini, kunywa chai!" Nikakaa, fundi mzima, nimeshika kikombe. Wao wanafunga kamba na kuzozana, Mama Habiba anaamuru mlango utazame wapi na kitanda kikae wapi. Halafu akanigeukia, akauliza kile kitanda changu ni cha nani.

"Cha mke wangu. Nyumba yangu mpya iko tayari kule Pwani."

"Yeye ndio alichagua?"

"Nilichagua mimi."

"Nyumba ni yako, kitanda umechagua wewe, yeye anangoja kuambiwa ingia." Akatikisa kichwa. "Walaal, wewe huna mke. Uko na mgeni. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume ndio anabiga hodi."

Wenzake walicheka mpaka chai ikanimwagikia. Mimi maneno yale yamenikaa wiki nzima. Milango nilichagua mimi, rangi nilichagua mimi, hata jiko nilikuambia likae wapi, na mimi uji sijui kuupika. Na kitanda, mwenzangu, kilikuwa kisingizio. Niliona haya kuja na mathenge mbele ya dada yako. Kwa haya hiyo, Rukia amejifunza kutembea mimi sipo. Nisamehe. Nakukumbuka mpaka nikisikia mwanamke anacheka nyuma yangu sokoni, nageuka.

Kitanda kipo, hakina mchago. Ukikitaka kitasafiri. Ukitaka mkeka, ni mkeka. Ukitaka cha mbambakofi pia ni shauri lako, ila tembea kwanza msituni uhesabu miti yake imebaki mingapi. Lakini usimngojee mtu kwa ajili ya mbao. Ukimaliza kusoma barua hii chukua vitu vyako, ingia, jiko liweke utakapo. Kuna mabasi yanayotoka Garissa na askari wa kuyasindikiza. Nikipata jibu lako, kabla ya Ramadhani nitakuwa ndani ya mojawapo.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya kifua haifanyi kazi chini ya mto. Msalimu kaka yako Bakari, mwalimu wetu wa chuo, aniombee dua ya njiani. Dada yako mwambie kitanda chake ni kizito kuliko changu, nimekubali. Rukia mbusu mashavu yote mawili, na kama ataniogopa nikija, usimlazimishe.

Mimi niliye nje ya mlango wako, napiga hodi,

Athumani