Woga Unakaa Ndani ya Mafigo

Kisangani, 9 Mars 1975

Yaya, mukubwa wangu,

Huku tuko wazima kidogo. Pondu, ile mihogo ya majani nyuma ya nyumba, inaota muzuri. Mutoto yako Odile anatembea sasa, na anaita kila mwanaume papa.

Mimi, tangu siku ile watu wa serikali walikuja kukutafuta, moyo unanisumbua. Niko sokoni, unaanza kukimbia bila sababu, pumzi inakatika, naona kama ninakufa. Alors nilienda kwa munganga wa Kichina. Aliweka vidole vitatu kwa mukono yangu, akasikiliza damu muda murefu. Mukalimani wake akatafsiri: "Anasema moyo iko moto, mafigo iko maji. Woga unakaa ndani ya mafigo. Ukizidi, maji haipande tena kupoza moto, moyo unabaki kukimbia peke yake."

Akanichoma sindano ndogo-ndogo, na kweli nikapumua. Akarudisha vidole kwa mukono.

Halafu mukalimani akauliza: "Na yaya yako, siku hizi anaandika kutoka wapi?"

Munganga hakukuwa amesema neno. Lakini alisikia damu yangu inaruka. Akamuangalia ule mutu, akaniangalia mimi, akafunika mukono yangu na mukono yake.

Nilijibu kwamba ulikufa maji mwaka jana, kule maporomoko ya Wagenia. Mukalimani akaandika.

Donc usirudi, na usiniandikie tena. Barua hii uichome. Odile, nitamufundisha kukulilia.

Mudogo yako